Waholanzi hawakukuta nchi yao chini ya bahari, waliishusha wenyewe

Ukikaa Uholanzi wiki moja tu utausikia ule msemo: Mungu aliumba dunia, lakini Uholanzi imeumbwa na Waholanzi. Wenyeji huusema kwa kujidai kidogo, wageni nao huurudia wakirudi kwao. Kazi yangu ni haidrolojia ya ardhi oevu, na kama wahandisi wengi wa maji wa Afrika Mashariki nilipitia Delft, huko huko Uholanzi, kusoma. Kila nikiusikia msemo huo hutamani kuongeza kipande kilichoachwa. Waliiumba, sawa. Lakini kabla ya kuiumba waliizamisha.

Picha iliyozoeleka ni kwamba palikuwa na bahari, wakaja watu hodari na matuta yao, wakaisukuma, wakapata mashamba. Hiyo ni kweli kwa jimbo la Flevoland na kwa maziwa kadhaa yaliyokaushwa. Lakini sehemu kubwa ya magharibi, yaani majimbo ya Holland na Utrecht, miaka elfu moja iliyopita ilikuwa juu ya usawa wa bahari. Leo takriban robo ya nchi iko chini ya usawa huo. Mahali pa chini kabisa ni Zuidplaspolder, karibu na Nieuwerkerk aan den IJssel, mita 6.76 chini. Kusini-mashariki kuna miinuko, na kilele kirefu kuliko vyote katika nchi hiyo upande wa Ulaya ni Vaalserberg, mita 322, kilima ambacho mtu wa Lushoto angekipanda bila kuacha mazungumzo.

Ilishukaje? Jibu liko kwenye mboji, si ile ya bustanini bali ile ya vinamasi, ambayo kwa Kiingereza huitwa peat.

Nyuma ya vilima vya mchanga vya pwani, katikati ya midomo ya mito Rhine, Maas na Scheldt, palikuwa na vinamasi vikubwa. Mimea ikifa ndani ya maji yaliyotuama haiozi ikaisha, kwa sababu oksijeni haifiki. Hujilimbika tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka, ikawa udongo mweusi, mwepesi, wenye nyuzinyuzi. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Katika Uholanzi ya kale mboji hiyo ilivimba ikafanya vichuguu vipana vilivyosimama mita kadhaa juu ya bahari. Hapakuhitajika tuta wala kinu, ila hapakulimika pia.

Kuanzia karne ya 10 hadi ya 13, Askofu wa Utrecht na Mtemi wa Holland walianza kugawa vinamasi hivyo kwa mkataba. Mlowezi alipewa kipande chembamba, upana wa mita mia na kidogo, urefu wa zaidi ya kilomita moja, akatakiwa achimbe mitaro pande zote mbili. Malipo yake yalikuwa kodi ndogo tu, na zaidi ya yote uhuru: hakuwa tena mtumwa wa shamba la bwana. Ukipita juu kwa ndege kuelekea Schiphol unaiona mikataba hiyo mpaka leo, imeandikwa ardhini kwa mistari mirefu ya maji iliyonyooka.

Mitaro ilifanya kazi yake, maji yakatoka, wakapanda shayiri na ngano. Hapo ndipo maafa yalipoanzia. Mboji iliyokaushwa hunywea kama dodoki lililoanikwa juani. Huo ni mwanzo tu. Ikishakauka, hewa huingia, vijidudu vilivyokuwa vimelala huamka, na kile ambacho hakikuoza kwa maelfu ya miaka huanza kuoza. Mboji haihamii kokote, inageuka hewa ya ukaa na kupaa. Uso wa ardhi unashuka, maji ya mtaro yanaonekana tena kuwa juu, mkulima anachimba mtaro zaidi, ardhi inashuka tena. Haya si mambo ya zamani. Hata sasa malisho ya mboji yanashuka milimita kadhaa kwa mwaka, pengine hadi sentimita moja. Zidisha kwa miaka elfu.

Kufikia karne ya 14 na 15 mashamba mengi yalikuwa yamelowa kiasi kwamba nafaka haikumea vizuri. Majani yalimea. Wakulima wakageukia ng'ombe, na ng'ombe wakaleta siagi na jibini. Gouda na Edam, majina unayoyaona kwenye majokofu ya supamaketi za Nairobi na Dar es Salaam, ni miji ya ukanda huu uliozama. Kufuga hakuhitaji mikono mingi kama kulima, kwa hiyo watu wakabaki bila kazi, na nchi ikabaki bila mkate wa kutosha. Mikono ikaenda kwenye uvuvi wa heringi na kwenye meli, nazo meli zikaenda Danzig na bandari nyingine za Baltiki kuleta nafaka. Biashara hiyo ya nafaka ndiyo iliyoikuza Amsterdam muda mrefu kabla ya meli ya kwanza ya Kiholanzi kuzunguka Afrika kufuata viungo vya Asia. Sisemi kwamba mboji peke yake ilijenga dola ya kibiashara. Vita, dini, mitaji na bahati vilikuwamo. Lakini anayesimulia utajiri wa karne ya 17 bila kutaja udongo unaozama anaanzia katikati ya hadithi.

Vinu vya upepo vinaingia hapa, karne ya 15, na vinaingia kama dawa ya ugonjwa. Zamani ilitosha kufungua mlango wa maji wakati bahari imekupwa, maji ya mashamba yakajitokea yenyewe. Ardhi ilipozidi kushuka, hata maji ya kupwa yakawa juu kuliko shamba, ikabidi maji yapandishwe kwa nguvu. Vile vinu 19 vya Kinderdijk ambavyo watalii hupiga navyo picha, vingi vyake vya takriban mwaka 1740, ni mashine za kupandisha maji. Havikusaga nafaka.

Kuna ubaya mwingine waliojitendea. Nchi haikuwa na misitu ya kutosha, hivyo mboji yenyewe ikachimbwa, ikakatwa matofali, ikaanikwa na kuchomwa kama kuni. Plinius, Mrumi aliyeiona pwani hiyo ya kaskazini katika karne ya kwanza, aliandika kuhusu watu walioishi juu ya vichuguu walivyovijenga kwa mikono, wakizoa tope na kulikausha kwa upepo ili wapikie. Aliwahurumia kidogo, kisha akashangaa kwamba watu wa hali hiyo wangeuita utawala wa Roma utumwa. Miaka elfu moja na mia tano baadaye moto ule ule uliwasha tanuri za matofali na viwanda vya bia, na kila palipochimbwa pakabaki shimo, shimo likawa dimbwi, dimbwi likaungana na jirani yake. Ziwa la Haarlemmermeer lilitanuka hivyo, mawimbi yakila kingo zake, mpaka likatishia Amsterdam na Leiden. Lilikaushwa kwa pampu tatu kubwa za mvuke kati ya 1849 na 1852. Uwanja wa ndege wa Schiphol uko kwenye sakafu ya ziwa hilo, zaidi ya mita 3 chini ya bahari.

Mwaka 1421, usiku wa Novemba 18 kuamkia 19, matuta ya eneo la Dordrecht yalipasuka. Dhoruba ilikuwa kali, lakini kulikuwa pia na vita vya makundi ya wakuu vilivyofanya matuta yasitunzwe, na watu walikuwa wamechimba mboji iliyonyonya maji ya bahari hadi karibu na kitako cha tuta ili waichome wapate chumvi. Eneo kubwa la kilimo lilipotea. Leo ni hifadhi ya taifa ya Biesbosch, na ni pazuri kweli, mahali pa kupiga kasia katikati ya miti ya mierebi.

Kilichonivutia zaidi kuliko uhandisi ni namna walivyokubaliana kulipa. Bodi za maji za huko, waterschappen, ni za kale kuliko taifa lenyewe. Ile ya Rijnland ilishatambuliwa na mtemi mwaka 1255. Msomaji wa Tanzania asizifananishe haraka na bodi zetu za mabonde. Hizi huchaguliwa kwa kura kila baada ya miaka minne, hutoza kodi zao wenyewe, na zina haki ya kumwambia mwenye nyumba ang'oe mti alioupanda kwenye tuta. Katikati ya karne ya 20 zilikuwa zaidi ya 2,000, zimeunganishwa zikabaki 21. Katika sheria za kale kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutunza. Aliyeshindwa alichomeka koleo lake kwenye tuta, akaondoka na alivyoweza kubeba. Aliyelichomoa koleo lile alirithi shamba pamoja na deni la kutunza tuta. Watu hupenda kusema kwamba demokrasia ya Kiholanzi imetoka humu. Mimi naona imetiwa chumvi: bodi hizi zilitawaliwa na wenye ardhi kwa karne nyingi, na hata leo wakulima wana viti vilivyotengwa ambavyo havipigiwi kura na umma.

Karne ya 20 nitaipitia kwa haraka kwa sababu inajulikana. Baada ya mafuriko ya 1916 ulikubaliwa mpango wa mhandisi Cornelis Lely, na mwaka 1932 tuta la Afsluitdijk, kilomita 32, likaifunga ghuba ya Zuiderzee na kuigeuza kuwa ziwa la maji baridi. Ndani yake likatoka jimbo la Flevoland. Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, dhoruba ya kaskazini-magharibi ilikutana na bamvua, matuta ya kusini-magharibi yakavunjika, wakafa watu 1,836 nchini humo, wengi wao Zeeland. Kazi kubwa za delta zilizofuata ni jibu la usiku huo, na kati yake ni vizuizi vya bahari viwili: Oosterscheldekering ya 1986, ambayo milango yake huachwa wazi siku za kawaida baada ya wavuvi na watu wa mazingira kupinga kuifungia bahari kabisa, na Maeslantkering ya 1997 inayolinda Rotterdam.

Mgeuko mkubwa wa fikra, kwangu mimi, ni wa 1995, na ulitoka mtoni. Mito ilijaa, watu takriban 250,000 wakahamishwa pamoja na mifugo yao. Matuta hayakuvunjika, ila wahandisi waliona kwamba wangeendelea kuyainua milele. Wakaanza kurudisha nafasi kwa mto. Pale Nijmegen tuta la Lent lilirudishwa nyuma mita 350 na nyumba zikabomolewa. Katika polda (ardhi iliyozungukwa na matuta, ambayo maji yake hutolewa) ya Overdiepse, kando ya mto Bergse Maas, wakulima wenyewe walipendekeza eneo lao liachiwe maji yakizidi, wao wajengewe vilima vya kuwekea nyumba na mazizi. Baadhi waliuza wakahama. Waliobaki wanaishi juu ya vichuguu vya udongo, kama wale wa Plinius, ila wana mashine za kukamulia.

Mboji nayo bado inadai. Inatoa tani milioni kadhaa za hewa ya ukaa kila mwaka, na kwa sisi wa Afrika hilo si jambo la mbali: mabonde ya mafunjo ya Kigezi, Uganda, yalichimbwa mitaro yakawa malisho ya ng'ombe wa maziwa kwa kanuni ile ile, na mboji ya bonde la Kongo, iliyochorwa ramani kwa mara ya kwanza mwaka 2017, imefungia takriban tani bilioni 30 za kaboni zisizopaa kwa sababu moja tu, kwamba bado imelowa.

Huko Uholanzi ugomvi wa sasa ni wa sentimita. Mwaka 2022 serikali ilisema inataka maji ya chini ya ardhi kwenye malisho ya mboji yapandishwe hadi sentimita 20 mpaka 40 chini ya uso. Mkulima anayataka chini zaidi, kwa kuwa trekta huzama na ng'ombe huvuruga majani. Mwenye nyumba ya zamani anayataka juu, kwa kuwa nyumba yake imesimama juu ya nguzo za mbao, na nguzo iliyo ndani ya maji hudumu karne nyingi ilhali iliyofikiwa na hewa huoza upesi. Ikulu ya Amsterdam imesimama juu ya nguzo 13,659 za namna hiyo. Bodi ya maji inalazimika kuwaridhisha wote wawili, kwa hiyo polda moja inaweza kugawanywa vipande vyenye viwango tofauti vya maji, kila kimoja na kizuizi chake. Katika vijiji vingine mtaro unaozunguka nyumba umeachwa juu kabisa huku malisho ya nyuma yakiendelea kukaushwa na kushuka, hata ukisimama barabarani unaona maji ya mbele ya nyumba yakiwa juu kuliko mgongo wa ng'ombe wa shamba la nyuma.