Nyigu-mahameli si sisimizi, na kiota mnachokitafuta hakipo

Kila msimu wa joto hunijia picha za mdudu yule yule: mwili umefunikwa nywele nzito nyekundu au za rangi ya chungwa juu ya weusi, mabawa hana, na anakimbia mchangani bila kutulia. Swali linaloandamana na picha halibadiliki, kwamba kiota cha sisimizi huyu kiko wapi na kimwagiwe dawa gani.

Kiota hakipo, kwa sababu huyu si sisimizi. Ni nyigu-mahameli, nyigu wa familia ya Mutillidae, yenye spishi elfu kadhaa duniani, na anayeonekana akikimbia chini ni jike, ambaye huzaliwa bila mabawa. Hana malkia wala askari, hana njia ya pamoja wala ghala la chakula. Kila jike huishi na kutafuta peke yake. Anachokitafuta ni shimo la nyuki au nyigu wengine wanaochimba ardhini. Akilipata huingia, hutoboa chumba ambamo buu aliyemaliza kula amejifungia ili ageuke, hutaga humo yai, kisha huenda zake. Buu wake akianguliwa humla mwenye chumba.

Ndiyo maana dhana hii hunikera kuliko nyingine zote. Anayeamini kwamba ameona sisimizi huona pia mashimo madogo ya jirani, akadhani ndiyo makao yao, akayamwagia sumu. Niliwahi kufukua uwanja uliotendewa hivyo kwa sababu ya jike mmoja tu, na ndani ya mashimo nikakuta nyuki wanaoishi mmoja mmoja, wamekufa huku chavua ikiwa bado imegandamana miguuni mwao. Hao ndio wachavushaji wa mimea ya uwanja ule ule uliokuwa ukilindwa, na nyigu aliyesababisha hofu yote hiyo alikwisha kuondoka zamani.

Kumtambua hakuhitaji maabara. Tazameni kichwa kabla ya rangi: vipapasio vya sisimizi mfanyakazi hupinda ghafla kama kiwiko, ilhali vya nyigu-mahameli hujikunja taratibu kama uzi. Kisha tazameni kiuno, ambapo sisimizi ana kinundu kimoja au viwili vilivyosimama wazi kati ya kidari, yaani kifua, na fumbatio, yaani tumbo, na mwenzake kwa kawaida hana kinundu cha namna hiyo. Kidari cha jike kimeungana kikawa kama kisanduku kimoja kigumu. Nawasihi wanaonitumia picha wapige kichwa kwa karibu, kwa kuwa picha ya mgongo pekee hunionyesha nywele tu, na spishi mbalimbali za eneo moja huvaa rangi zinazofanana ili zote zifaidi onyo lile lile kwa adui.

Dhana ya pili ni kwamba anaua ng'ombe. Imetokana na jina la mtaani la Dasymutilla occidentalis wa mashariki mwa Marekani, anayeitwa muua ng'ombe, na haina ukweli. Kuchomwa naye kunauma sana. Justin Schmidt, mtaalamu wa wadudu aliyepanga miiba kwa ukali wa maumivu, aliwapa nyigu-mahameli 3 katika kipimo kinachoishia 4. Lakini maumivu na uwezo wa kuua ni mambo mawili tofauti, na majaribio ya panya yameonyesha kwamba sumu ya nyigu hawa ni dhaifu mno kwa kuua ikilinganishwa na ya nyuki wa asali. Hata hivyo, mtu akichomwa na mdudu yeyote kisha akavimba uso au akashindwa kupumua, apelekwe hospitali mara moja.

Wapo pia wanaosema kwamba nyigu-mahameli wote hawana mabawa na wote huchoma. Madume karibu yote yana mabawa, na hakuna dume anayeweza kuchoma, kwa kuwa mwiba ni kiungo cha kutagia mayai kilichogeuka silaha.

Mlio mwembamba anaoutoa jike akibanwa si kilio cha maumivu. Husugua bamba za fumbatio lake ili kuonya, na kinachofuata baada ya onyo hilo ni mwiba mrefu unaozunguka pande zote na kuweza kuchoma tena na tena, kwa sababu haubaki kwenye ngozi kama wa nyuki wa asali.

Wala msidhani kwamba kumkanyaga kunamaliza jambo. Gamba lake ni gumu kiasi kwamba pini za kuhifadhia wadudu hupinda zinapojaribu kulipenya, na kwenye mchanga huinuka chini ya kiatu akaendelea na safari. Aliyeingia ndani ya nyumba afunikwe kwa bilauri, karatasi ngumu ipitishwe chini yake, kisha aachiwe nje penye udongo mkavu, mbali na miguu mitupu ya watoto.