Je, wajua kwa nini gari jipya haliji tena bila vikorombwezo?

Waliopanda magari ya zamani wanakikumbuka kile kishikio cha mlangoni. Ulikishika, ukazungusha, kioo kikashuka kwa kasi ya mkono wako. Kilipovunjika, fundi alifungua skrubu moja, akapachika kingine, kazi ikaisha palepale. Leo ukitafuta gari jipya lenye kishikio hicho utazunguka hadi uchoke. Kila mlango una mota yake, swichi yake na fungu la nyaya, na bei nayo imepanda. Kelley Blue Book, kampuni inayofuatilia bei za magari Marekani, ilitangaza kwamba Septemba 2025 wastani wa bei waliyolipa wanunuzi wa magari mapya nchini humo ulivuka dola 50,000 kwa mara ya kwanza.

Ukiuliza sababu, wengi watakuonyesha dashibodi: skrini pana, kamera, siti za ngozi zenye joto. Kuna ukweli hapo, ila haujakamilika. Kifaa chenyewe, kikitoka kiwandani, mara nyingi ni cha bei ndogo kuliko unavyodhani. Kinachomtoa mnunuzi jasho ni namna kifaa hicho kinavyouzwa, na kinachotokea siku kinapovunjika.

Turudi kwenye kishikio. Mtu angedhani kiwanda kinachofunga vioo vya mkono kinaokoa fedha, maana hakinunui mota. Zamani ilikuwa hivyo. Lakini hebu fikiria kiwanda chenye milango ya aina mbili. Mlango wa mkono unataka ubao wa ndani wenye tundu la kishikio. Wa umeme unataka ubao wenye nafasi ya swichi. Hizo tayari ni kalibu mbili, na kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ya ukubwa huo ni mali nzito. Nyaya za gari nazo zinakuwa za aina mbili. Ghala linaweka akiba mbili. Mfanyakazi kwenye mstari wa kuunganisha magari lazima ahakikishe kwanza ni mlango upi unaomjia, na akikosea mstari mzima unamsubiri. Juu ya hayo, vipuri vya aina zote mbili vitatakiwa kwa miaka mingi baada ya gari kuacha kutengenezwa. Sasa wanunuzi wa vioo vya mkono wakipungua, itafika siku gharama ya kuwahudumia hao wachache inazidi bei ya mota zenyewe. Siku hiyo uamuzi hauna mjadala: mota kwa wote.

Njia hiyohiyo imepitwa na vitu vingi ambavyo leo hatuviiti tena anasa. Packard, kampuni ya magari ya kifahari ya Marekani, ilipoanza kuuza magari yenye kiyoyozi cha kiwandani, karibu na mwaka 1940, mtambo wake ulikuwa mkubwa hata ukala nusu ya buti. Breki zisizojifunga (ABS) ziliingia kwenye Mercedes-Benz ya daraja la juu mwaka 1978. Kitu huanzia kwa matajiri, wakakizoea, kikatengenezwa kwa wingi, kikashuka bei, mwisho kikawa cha kila mtu. Hadi hapo ni habari njema, na nasema hivyo kwa moyo wote.

Tatizo liko upande wa pili wa historia hiyo. Ford ilianza kuuza Model T mwaka 1908 kwa dola 850. Kufikia katikati ya miaka ya 1920, ile ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 260. Henry Ford alikuwa akipunguza senti juu ya senti kwa gari lilelile. Alfred Sloan, mkuu wa General Motors, aliona jambo lingine: mtu aliyekwisha kumiliki gari hataki tena gari tu, anataka lililo bora kuliko la jana. Mwaka 1924 kampuni yake ikaitangazia dunia gari kwa kila mfuko na kila matumizi, ngazi iliyoanzia Chevrolet hadi Cadillac, na kila aliyekipanda kipandio kimoja alikiona kinachofuata kiko karibu. Mwaka 1927 Ford iliacha kutengeneza Model T, baada ya magari milioni 15.

Ngazi ya Sloan bado ipo, na siku hizi imejengwa ndani ya gari moja. Modeli ileile inakuja kwa madaraja matano, sita, hata zaidi, kuanzia lenye siti za kitambaa hadi lenye siti za ngozi na paa la kioo. Ndani ya madaraja hayo vifaa havichaguliwi kimoja kimoja, vinafungwa pamoja. Unataka taa nzuri za usiku kwa sababu macho yako yamechoka? Zimefungwa pamoja na magurudumu makubwa na spika nyingi. Unataka mfumo unaokuonya gari likiwa ubavuni usikoona? Chukua na siti za ngozi. Kampuni inapata faida mara mbili: inapunguza aina za magari ya kuunganisha, kama tulivyoona kwa mlango, na inakuuzia vitu vitatu ulipotaka kimoja. Gari la kitambaa linabaki kwenye matangazo, kwa sababu bei yake inavutia macho, lakini ukifika dukani yaliyopangwa ni ya madaraja ya kati na ya juu. Kipandio cha chini kimechorwa, hakikanyagiki.

Hakuna mahali jambo hili linaonekana wazi kama kwenye pikapu za Marekani. Ilikuwa gari la kubebea mbao na saruji. Ujenzi wake, bodi juu ya chasisi ya chuma, haukuwa na maajabu. Kisha watengenezaji wakagundua kwamba chasisi ileile inabeba ngozi vilevile kama inavyobeba saruji, na kwamba mteja yuko tayari kulipia ngozi hiyo kiasi kinachozidi sana gharama yake. Mwaka 2001 Ford ilitoa F-150 King Ranch, yenye siti za ngozi nene kama za tandiko la farasi, na wenzake wakafuata. Sheria nazo zilisaidia, nyingine bila kukusudia. Tangu mwaka 1964 Marekani inatoza ushuru wa asilimia 25 kwa magari ya mizigo yanayotoka nje, kisasi kilichozaliwa na ugomvi wa biashara ya kuku kati yake na nchi za Ulaya. Ugomvi wa kuku umesahaulika, ushuru umebaki, na pikapu ndogo za bei nafuu kutoka nje zimebaki nje. Kanuni za matumizi ya mafuta nazo kwa miaka mingi zimeyapa magari ya mizigo, na yenye eneo kubwa kati ya magurudumu, malengo mepesi kuliko sedani ndogo. Mtengenezaji akipima faida na masharti, mkono unakwenda wenyewe kwenye gari kubwa.

Ukaja mwaka 2021 na uhaba wa chipu, vile vipande vidogo vinavyoendesha kompyuta za gari. Viwanda vilisimama, chipu chache zilizopatikana zikaelekezwa kwenye magari yenye faida kubwa, na baadhi ya magari yaliuzwa yakiwa yamepunguziwa vifaa: BMW iliuza mengine bila uwezo wa kugusa skrini. Wanunuzi walipanga foleni hata hivyo. Naamini miezi hiyo iliwafundisha wauzaji kwamba magari machache ya bei kubwa yanaweza kulipa kuliko magari mengi ya bei ndogo, na mtu akishajifunza hilo si rahisi alisahau.

Hata hivyo, si kila kilichoongezwa ni mbwembwe, na hapa huwa nasikitika ninapoona watu wakichanganya mambo. Kamera ya nyuma ni mfano. Mwaka 2002 nchini Marekani mtoto wa miaka miwili aliuawa na gari lililokuwa likirudi nyuma, na dereva alikuwa baba yake mwenyewe, ambaye hakuweza kumwona. Wazazi wa watoto waliokufa namna hiyo walipigania sheria, ikapita mwaka 2008, na kuanzia Mei 2018 kila gari jipya dogo na pikapu ya kawaida nchini humo lazima viwe na kamera ya nyuma. Mamlaka ya usalama barabarani ilikadiria mfumo mzima ungegharimu dola 132 hadi 142 kwa gari lisilo na skrini, na dola 43 hadi 45 tu kwa lenye skrini tayari. Ilikadiria pia kwamba magari yote yakishakuwa nayo, ingeokoa maisha ya watu 58 hadi 69 kila mwaka. Umoja wa Ulaya nao, tangu Julai 2024, unadai kila gari jipya liwe na breki za dharura zinazojikanyaga na mfumo wa kumwonya dereva anayesinzia, miongoni mwa mengine. Gharama ya namna hiyo mimi ningeilipa bila kunung'unika.

Tazama lakini zile namba mbili za kamera. Gari likishakuwa na skrini, kuongeza kitu kingine ndani yake ni rahisi mno. Swichi ya kiyoyozi inataka plastiki, nyaya, taa ndogo na tundu kwenye dashibodi. Picha ya swichi kwenye skrini inataka programu tu. Ndiyo maana vitufe vilianza kutoweka. Skrini inayoonekana ya kifahari mara nyingi imekuwa njia ya kiwanda kubana matumizi, ilhali mnunuzi anaambiwa ni ya kisasa. Mantiki hiyohiyo iliendelea hadi kwenye siti: mwaka 2022 BMW ilianza kutoza ada ya kila mwezi katika baadhi ya nchi ili mtu aweze kuwasha joto la siti, joto ambalo nyaya zake tayari zilikuwa ndani ya siti aliyoinunua. Watu walikasirika, na mwaka 2023 kampuni ikasema imeachana na mpango huo.

Bei ya kununua walau unaiona kabla ya kutia saini. Ile nyingine inasubiri ajali, hata ajali ndogo kuliko zote. Gari linarudi nyuma kwa mwendo wa miguu, pembe ya bampa inagusa nguzo. Zamani fundi angelisukuma lirudi, akapaka puti, akapiga rangi. Leo nyuma ya ile plastiki, pembeni kabisa, kuna kijisanduku cheusi kinachoenea kiganjani. Ni rada, na mawimbi yake hupita kwenye plastiki na rangi kwenda kutafuta magari. Puti ikiwa nene, au rangi yenye chembe za chuma ikirudiwa tabaka juu ya tabaka, mawimbi yanadhoofika au yanapinda, na rada inaweza kukosa kuliona gari lililopo. Kwa hiyo watengenezaji wengi wanakataza puti mahali hapo: bampa linabadilishwa zima, kisha rada inapimwa kama bado inatazama inakotakiwa.

Kioo cha mbele vivyo hivyo. Juu yake, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, hukaa kamera inayosoma mistari ya barabara. Kioo kikibadilishwa, kwenye magari mengi kamera hulengeshwa upya: gari linasimamishwa kwenye sakafu iliyonyooka, ubao wenye michoro unawekwa mbele yake kwa umbali uliopimwa kwa uangalifu, kompyuta inaulizwa inaona nini. Si urasimu wa gereji. Kamera ikipinda digrii moja tu, mita 100 mbele kosa linakuwa karibu mita 1.75, yaani nusu ya upana wa njia moja ya barabara kuu. Gari lenye kosa hilo linaweza kufunga breki kwa ajili ya lori lililo njia ya pili. Taa za LED nazo, tofauti na balbu uliyoibadilisha mwenyewe, mara nyingi zimefungwa ndani ya kasha moja, na kikifa kipande kimoja unanunua taa nzima.

Anayelipa haya yote mara nyingi si yule aliyechagua vikorombwezo. Mwaka 2024 umri wa wastani wa magari barabarani Marekani ulikuwa miaka 12.6. Mnunuzi wa kwanza hukaa na gari lake likiwa na dhamana, akaliuza. Wa pili na wa tatu wananunua anasa ya jana kwa bei ya kuvutia, halafu mifuko ya hewa ya sespensheni, ile inayolibeba gari badala ya springi, inaanza kuvuja na gari linaamka asubuhi limeinama upande mmoja. Bei ya gari imeshuka kwa nusu, bei ya mfuko wa hewa haikushuka nalo. Kabla ya kununua gari kuukuu la kifahari, uliza bei ya taa moja ya mbele na ya kioo cha mbele pamoja na kulengesha kamera yake. Majibu hayo yatakueleza mengi kuliko kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi.

Na kile kishikio? Aprili 2025 kampuni changa ya Marekani, Slate Auto, ilionyesha pikapu ndogo ya umeme yenye vioo vya kuzungusha kwa mkono. Haina redio wala skrini kubwa katikati. Bodi yake ni ya plastiki ya kijivu isiyopakwa rangi, hivyo kiwanda hakihitaji karakana ya rangi, na zote zinatoka zikiwa za aina moja. Anayetaka zaidi anaongeza mwenyewe baadaye. Kishikio kinaleta nafuu humo kwa sababu ileile iliyokiua kwingine: mlango ni wa aina moja kwa wote. Kifaa kimoja cha kisasa lakini hakikukosekana. Mbele ya dereva, kwenye kijiskrini kinachoonyesha mwendo, ukirudi nyuma inatokea picha ya kamera.