Ngazi Nne za Serikali Mtandao, na Kwa Nini Watafiti Walizihama

Tasnifu nyingi kuhusu serikali mtandao, yaani serikali kutoa huduma zake kwa kompyuta na intaneti, bado zinaanzia kwa watafiti Layne na Lee. Makala yao ya 2001 ilipanga hatua nne: kuweka taarifa kwenye tovuti, kufanya miamala, kuunganisha mifumo ya ngazi za chini na za juu ndani ya sekta moja, kisha kuunganisha sekta zote. Ilipendwa kwa sababu inapimika bila jasho. Unafungua tovuti za halmashauri, unahesabu fomu, unatoa alama. Anayesubiri huduma haonekani popote katika hesabu hiyo.

Tangu miaka ya 1970, Kenneth Kraemer na wenzake kule Irvine, California, walikuwa wakichunguza kompyuta katika serikali za miji ya Marekani. Waligundua kwamba mara nyingi kompyuta humwongezea nguvu aliyekuwa nazo tayari. Intaneti ilipoingia, hoja hiyo iliwekwa kando, na nadhani ni hasara tunayoilipia hadi leo.

Mwaka 2003 Richard Heeks, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, alikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea asilimia 35 ya miradi ya serikali mtandao hushindwa kabisa, 50 hushindwa kwa sehemu, na 15 tu hufaulu. Ni makadirio, lakini wengi huyanukuu kana kwamba ni sensa. Kilicho bora zaidi kwake ni kipimo cha pengo kati ya mradi uliobuniwa na hali halisi. Chukua mambo saba: taarifa, teknolojia, taratibu za kazi, malengo na maadili, watumishi na ujuzi wao, uongozi na muundo wake, halafu muda na fedha. Kila moja lipe alama, kuanzia 0 pasipo na pengo hadi 10 penye pengo kubwa kabisa. Jumla ikikaribia 70, mradi uko hatarini. Waulize wakuu, mafundi na makarani wa kaunta kila kundi peke yake, maana wakikaa pamoja karani ataitikia alama ya bosi.

Sambamba na hayo zilienea hojaji za kupima “nia ya kutumia” mfumo. Hapa ndipo kazi nyingi za kwetu zinapoharibika. Mlipakodi wa Kenya analazimika kupitia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, kwa hiyo nia yake haielezi chochote. Na anayeomba pasipoti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mara nyingi fomu hujazwa na kijana wa saiba, yaani duka la intaneti. Hojaji ajibu nani?

Kufikia 2015 mtafiti Tomasz Janowski alikuwa ameweka muktadha wa mahali, yaani kuufaa mfumo kwa mahitaji ya eneo au sekta husika, kuwa hatua ya mwisho ya mabadiliko haya, na tangu hapo swali la madhara limepata uzito. Mfano ni Huduma Namba, mpango wa Kenya wa kumpa kila mtu namba na kadi moja ya utambulisho: taarifa za watu zilikusanywa 2019, kabla ya sheria ya ulinzi wa data kuanza kutumika Novemba mwaka huo. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba ilikuwa kinyume cha sheria kutoa kadi bila kutathmini kwanza athari kwa data za watu. Anayeandika tasnifu leo aanze kwa kuomba waraka wa tathmini hiyo, kisha mkataba wa mfumo, kisha akaulize saiba wanatoza kiasi gani kwa kila fomu.