Utando mahuluti wenye vitundu vilivyopangika ni nini?

Ni tabaka jembamba mno, mara nyingi la nanomita mia chache tu, lililopakwa juu ya kioo au silikoni. Kuta zake ni silika (kampaundi ya silikoni na oksijeni, kama ile ya mchanga) iliyofungamana moja kwa moja na vipande vya kaboni, ndiyo maana huitwa mahuluti: ogania na isiyo ogania katika kitu kimoja. Ndani ya kuta hizo mna vitundu vilivyojipanga kama masega ya nyuki. Vyenye upana wa nanomita 2 hadi 50 huitwa mesopori.

Mwaka 1992 watafiti wa kampuni ya Mobil walitangaza MCM-41, unga wa silika wenye vitundu vya namna hii. Mwaka 1999 makundi matatu, ya Japani, Kanada na Marekani, kila moja kivyake, yakaingiza kaboni ndani ya kuta zenyewe.

Utando huanza kama myeyusho wa ethanoli, maji, asidi kidogo, surfaktanti (kemikali ya jamii ya sabuni) na kampaundi ya silikoni yenye kaboni. Kioo huchovywa humo, kisha huvutwa juu taratibu. Kadiri ethanoli inavyokauka, surfaktanti hukolea, molekuli zake hukusanyika zenyewe kuwa miseli, yaani vifundo vidogo mno, na silika hugandia pembeni mwake. Unyevu wa hewa ukibadilika wakati huo, mpangilio nao unaweza kubadilika au kuvurugika kabisa. Mwishoni surfaktanti huoshwa kwa ethanoli yenye asidi, na palipokuwa na miseli hubaki vitundu. Haichomwi, maana tanuri kali lingeichoma na kaboni tunayoitaka.

Kuuthibitisha mpangilio ndiko kugumu. Eksirei za pembe ndogo zikipigwa kwa njia ya kawaida huona tu matabaka yaliyolala sambamba na kioo, kwa hiyo kilele kimoja kwenye grafu hakitoshi. Inafaa kuzipiga kwa mlalo, zikiambaa juu ya utando, na kutazama kipande kwa hadubini ya elektroni. Hapo huonekana jambo la kuvutia: utando unaponywea, kioo huuzuia kusinyaa kwa upana, hivyo hupungua unene tu na vitundu vya mviringo hubonyea kuwa kama yai.

Vihami vya saketi ndogo ni matumizi yanayotajwa sana. Kwa kazi hiyo kipimo cha dielektri, yaani kiasi ambacho kitu hushika chaji ya umeme, hutakiwa kiwe kidogo. Cha silika ni karibu 4, cha hewa ni 1, kwa hiyo vitundu hukishusha. Maji yana karibu 80. Kaboni iliyo ukutani husaidia kuyazuia yasiingie.