Vitabu vyenye mambo mazito vinawaharibu vijana?

Mzazi mmoja alinirudishia nakala ya riwaya ya darasa kurasa sita zikiwa zimebanwa kwa pini za stepla, juu, chini na ubavuni. Hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, haya si ya mtoto wa kidato cha tatu." Wiki iliyofuata nakala hiyo ndiyo iliyogombaniwa kuliko zote, na pini zilishang'olewa kwa ncha ya bikari. Maneno kama ya yule baba nayasikia kila mwaka. Yanatoka kwenye mapenzi, nami nayaheshimu. Ila mengi si kweli.

Dhana: Akisoma kuhusu ubakaji, ndipo anapoujua.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono walau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa kama 1 katika 7. Kwa kipimo hicho, darasa la wasichana 40 lina karibu 12. Hao kitabu hakiwafundishi jambo jipya. Kinawapa maneno ya kulisemea.

Dhana: Mambo haya yameletwa na vitabu vya Kizungu, hadithi zetu zilikuwa safi.

Nani hakusimuliwa zimwi lililomtia msichana ndani ya ngoma, likazunguka naye vijijini aimbe? Fumo Liyongo anauawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni, baba akiwa usingizini. Hayo yalisimuliwa usiku, mbele ya watoto wadogo kuliko wa kidato cha tatu. Ila bibi alikuwepo, na ukiogopa ulimsogelea.

Dhana: Kitabu kinachoonyesha uovu kinaufundisha.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni, kisha baadaye ikaja kusomwa humo humo shuleni. Nawaomba wazazi waisome yote, si zile kurasa peke yake. Zakaria, baba mlevi, anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakulia kwenye woga, na siku anapotoka chini ya mkono wa baba hana pa kushika. Anapotea, na mwisho anajiua. Sijaona mwanafunzi aliyeimaliza riwaya ile akatamani maisha ya Rosa. Wanachobishania mpaka kengele inalia ni nani aliyemuua: Zakaria, wanaume waliomtumia, au ukimya wa nyumba ile.

Dhana: Basi kitabu chochote kinafaa, mradi ni fasihi.

Hii ni ya walimu wenzangu, nayo si kweli. Shirika la Afya Duniani (WHO) linawaasa waandishi wasieleze kwa undani njia ambayo mtu ameitumia kujiua, maana maelezo hayo yanaweza kumsukuma aliye hatarini aige. Mwaka 2019 Netflix waliikata sehemu ya kujiua katika tamthilia ya vijana ya 13 Reasons Why, miaka 2 baada ya kuirusha. Kwa hiyo nikipokea kitabu kipya sihesabu maovu yaliyomo. Natazama kama mwandishi anakaa na ile njia au anakaa na yule mtu, kama kipigo kimepambwa kikaitwa mapenzi, kama kuna hata mmoja anayeomba msaada. Na mwanafunzi aliyefiwa juzi simpi kitabu cha msiba eti kwa kuwa zamu yake imefika. Atakisoma muhula ujao.

Dhana: Kumuuliza kijana kama anawaza kujiua ni kumtia wazo.

WHO wanasema kinyume: kulizungumza waziwazi humpa mtu nafasi ya kufikiri upya.

Siku tuliyomaliza Rosa Mistika, msichana mmoja alibaki anafuta ubao, na haikuwa zamu yake. Akaniuliza bila kugeuka, "Mwalimu, Rosa angemwambia nani?" Tulikaa mpaka saa kumi na moja jioni. Sasa kila nakala ya darasa ina namba niliyoiandika kwa wino ndani ya jalada: 116, simu ya msaada kwa mtoto, inapigwa bure Tanzania, na Kenya pia.