Funguo ya gari inawasha leo inagoma kesho: dhana potofu na ukweli wake

Jamani kuna hili tatizo la gari kuwaka asubuhi vizuri tu, mchana unatoka dukani unazungusha funguo haiwaki, unajaribu mara ya tatu ya nne inawaka kama hakuna kilichotokea. Mtu akifika kwa fundi keshaambiwa na watu kumi kwamba funguo imekufa, analipia funguo mpya, na tatizo linabaki palepale. Inaniuma sana hii, kwasababu mara nyingi kujua kosa liko wapi hakuhitaji hata mashine, ni kusikiliza injini inafanya nini na kuangalia dashibodi kabla hujatoa hela.

"Betri ya rimoti imeisha ndo maana gari haiwaki." Hii ndo inaongoza. Kwa gari ya kuchomeka funguo na kuzungusha, ile betri ya mviringo (nyingi ni CR2032 au CR2016, volti 3) kazi yake ni kufunga na kufungua milango basi. Kinachoruhusu injini iwake ni kichipu kingine kilichomo kwenye kichwa cha funguo na hicho hakina betri kabisa. Kuna koili (waya uliosokotwa mviringo) imezunguka tundu la swichi, ukiweka ON inatoa mawimbi, kwenye gari nyingi ni karibu kilohezi 125, yale mawimbi yanakipa kichipu nguvu kidogo ya kutuma namba yake, namba ikikubalika kompyuta ya gari inaruhusu injini. Ni kama ile N-Card, kadi ya nauli unayogusisha kivukoni Kigamboni, nayo haina betri ila inasomwa. Kwahiyo ukibadilisha betri ya rimoti na gari ikawaka, imebahatisha tu, au ulipofungua na kufunga kasha kichipu kikakaa sawa.

Na hapo kwenye kufungua kasha ndo penye balaa lenyewe. Kasha la zamani limepasuka, mtu ananunua jipya Kariakoo, anahamisha ile bodi yenye batani, anahamisha chuma cha funguo, anafunga, la zamani anatupa. Rimoti inafungua milango safi kabisa, gari haiwaki ng'o. Kwenye funguo nyingi kichipu hakiko kwenye bodi, ni kakipande keusi ka kama sentimita moja kamechomekwa kwenye kachumba kake pembeni, gari nyingine ni kabomba kadogo ka kioo, na kameenda na takataka! Au kilihamishwa ila kwenye kasha jipya kachumba ni kakubwa, kinacheza, kikikaa huku gari inawaka kikisogea inagoma. Itikise funguo yako karibu na sikio, ukisikia kitu kinagongagonga ndani anzia hapo.

"Gari za Kijapani zote zina chipu." Hapana. Toyota na Nissan nyingi za miaka ya nyuma zilizouzwa Japani kwenyewe, ambazo ndo tunaziagiza, zilitoka kiwandani bila imobilaiza, yaani huo mfumo wa kichipu unaozuia injini kuwaka. Ulaya gari mpya zililazimishwa kuwa nayo kuanzia 1998, Japani haikuwa lazima. Kama gari yako haina, hakuna cha kuprogramu na ukiambiwa lipia kuprogramu shituka. Angalia dashibodi gari ikiwa imezimwa: kitaa kidogo chenye picha ya funguo au kufuli, au neno SECURITY, kinapepesa taratibu. Kupepesa gari ikiwa imezimwa sio ubovu, ndo inavyolinda. Ubovu ni pale umeweka funguo ON na bado kinaendelea kupepesa, hapo gari inakwambia funguo sijaitambua.

"Haiwaki ni haiwaki, yote funguo." Hapa naomba tutulie kidogo maana ndo hela za watu zinapopotelea. Ukizungusha ukasikia tak tak tak na taa za dashibodi zinafifia, huo ni umeme mdogo. Pima betri ya gari, ikiwa nzima na imetulia inasoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 iko nusu, na wakati unapiga stata isishuke chini ya 9.6. Kabla hujanunua betri angalia vichwa vyake, vikiwa na ule unga mweupe au vimelegea vinaleta tabia hiihii ya leo ndio kesho hapana. Ukisikia tak moja tu na taa hazififii, ukirudia mara kadhaa inakubali, hiyo mara nyingi ni stata yenyewe, vile vikopa vya ndani vinavyogusana vimelika, na kwa stata za Denso zilizopo kwenye Toyota kibao ni ugonjwa unaojulikana, vinabadilishwa vikopa vyenyewe bila kununua stata nzima. Kama ni kimya kabisa na gari ni otomatiki, kanyaga breki weka N ujaribu, ikiwaka N na P inagoma basi ni swichi ya gia.

Sasa ikiwa stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, au inashika sekunde moja mbili inazima, na kile kitaa cha funguo kinapepesa, hapo sasa ndo umshuku kichipu au ile koili ya kwenye swichi. (Kuna gari imobilaiza inazuia hadi stata isizunguke, ndo maana kitaa ni shahidi mzuri kuliko sauti peke yake.) Na kama funguo yenyewe haizunguki, tekenya stelingi kushoto kulia huku unazungusha taratibu, ukiilazimisha utaikatia humohumo.

"Toa tamino ya betri dakika kumi, gari itajiseti upya." Namba za funguo zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyofutika hata ukitoa betri mwezi mzima. Utakachopoteza ni vitu kama stesheni za redio.

"Nimejaribu funguo ya spea imewaka, kwahiyo funguo ndo mbovu." Taratibu kwanza, gari inagoma mara mojamoja, kuwaka mara moja na spea hakuthibitishi kitu. Tumia spea peke yake kwa muda ambao ile ya kwanza ingekuwa imeshagoma mara kadhaa, ikigoma na spea basi tatizo liko kwenye gari. Na spea itembee peke yake kweli, usiitundike pamoja na funguo ya gari nyingine yenye chipu wala kadi ya mlango wa ofisi, maana kadi nyingi za milango nazo ni kilohezi 125 na zikisogea kwenye swichi zinachanganya usomaji. Punguza na uzito pia. Lile furushi la funguo za nyumba, duka na kufuli linavuta swichi kila unapopita kwenye matuta, mwisho inalegea. Kampuni ya magari ya General Motors mwaka 2014 iliita gari zaidi ya milioni 2 zirudishwe kutengenezwa kwa sababu ya swichi zilizokuwa zinaweza kuteleza kutoka ON gari ikiwa inatembea, na uzito wa funguo ulikuwa mojawapo ya vitu vilivyokuwa vinachangia, na watu walikufa, kwahiyo sio kitu cha kuchukulia poa.

Gari za kubonyeza batani ni habari nyingine, kule betri ya funguo ina kazi kweli. Ila ikiisha haimaanishi uite breakdown (gari la kuvuta), kwa Toyota nyingi unakanyaga breki, unagusisha upande wa nembo ya funguo kwenye batani, ikilia unabonyeza inawaka. Na kabla ya kulaumu funguo mwambie mtu asimame nyuma aangalie taa za breki, kama haziwaki ukikanyaga basi swichi ya breki imekufa na gari haijui kama umekanyaga. Usiweke funguo imelaliana na simu inayochajiwa. Na ukiagiza funguo ya pili mtandaoni ulizia masafa, za Japani zinacheza karibu na megahezi 315 na za Ulaya ni 433, zinafanana kwa macho ila hazielewani.

La mwisho ambalo huku kwetu ni kubwa kuliko yote na halisemwi: alamu za kufungiwa mtaani, katauti (kifaa cha kukata umeme gari isiwake) na treka (kifaa cha kufuatilia gari iko wapi). Gari nyingi zina relei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyokata waya wa swichi au wa pampu ya mafuta, waya umesokotwa kwa mkono ukafungwa tepu, joto la Dar linalainisha ile gundi, waya unalegea, gari inagoma juani inawaka jioni. Hiyo funguo hata ubadilishe tano haitapona. Mwambie fundi afungue chini ya stelingi aonyeshe kila waya ulioongezwa na relei yake, na kama treka ni ya watu wa mkopo waite wenyewe, usimruhusu mtu aikate.

Na kwakuwa ukifika gereji itawaka tu, siku inapogoma toa simu rekodi video, dashibodi ionekane na sauti isikike kuanzia ON mpaka unapiga stata. Kwa fundi anayejua kazi hiyo video inamtosha kujua aanzie wapi.