Marekani ya 1898: kwa nini Kuba ilipata ahadi na Ufilipino ikapata vita

Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania kwa muda usiofika miezi minne, na ilipotoka vitani ilikuwa na makoloni. Ninapoulizwa kama sera ya nje ya Marekani inaongozwa na maadili au na maslahi, huanzia hapo, kwa kuwa mwaka ule hoja zote mbili zilisemwa hadharani na maamuzi yakaandikwa.

Katika taaluma ya uhusiano wa kimataifa, wanauhalisia hushikilia kwamba hakuna serikali juu ya serikali, kwa hiyo kila dola hutanguliza nguvu na usalama wake. Wadhanifu husema dola inaweza, tena inapaswa, kuongozwa na haki, sheria na ridhaa ya watu. Vitabu vingi huwagawa viongozi katika makundi haya kama timu mbili za mpira. Historia ya 1898 haigawanyiki hivyo.

Kuba, koloni la Hispania, ilikuwa imeasi tangu 1895. Jenerali Valeriano Weyler wa Hispania aliwasomba wanavijiji na kuwaweka kambini, wakafa kwa wingi kwa njaa na maradhi. Magazeti ya New York yaliikoleza habari hiyo, lakini huruma ya Wamarekani wa kawaida ilikuwa ya kweli, na anayeidharau hataelewa kilichofuata. Februari 15, 1898 manowari ya Marekani, Maine, ililipuka katika bandari ya Havana, zaidi ya mabaharia 250 wakafa. Mwezi Aprili Kongresi iliridhia vita, ikiambatanisha kifungu cha Seneta Henry Teller wa Colorado: Marekani haina nia ya kuimiliki Kuba, na utulivu ukirejea kisiwa kitaachwa mikononi mwa wenyewe. Ni udhanifu, bila shaka. Lakini Colorado ilikuwa ikianza kulima biti za sukari, na kama Kuba ingemilikiwa, sukari yake ingeingia bila ushuru na kuwaumiza wakulima hao. Haki na maslahi vilielekea upande mmoja, na kifungu kikapita.

Ufilipino, koloni jingine la Hispania huko Asia, haikuandikiwa kifungu chochote. Mei 1 Komodoo George Dewey aliteketeza meli za Hispania katika Ghuba ya Manila, na ghafla waliokuwa wakisoma maandishi ya Alfred Mahan waliona mlango umefunguka. Ofisa huyu wa jeshi la maji alikuwa akifundisha tangu 1890 kwamba taifa kubwa ni lenye manowari, na manowari zinahitaji vituo vya makaa ya mawe njiani. Manila ilikuwa kituo cha kuelekea soko la China. Hawaii ikachukuliwa Julai. Desemba, kwa mkataba uliotiwa saini Paris, Hispania iliachia Puerto Rico na Guam, na Ufilipino ikakabidhiwa kwa dola milioni 20. Wafilipino walikuwa wamejitangazia uhuru tangu Juni 12 chini ya Emilio Aguinaldo. Mjumbe wao, Felipe Agoncillo, alifika Paris na hakupewa nafasi mezani.

Rais William McKinley alitangaza kwamba Marekani inakuja kama rafiki, si kama mshindi. Risasi kati ya askari wake na Wafilipino zilianza Februari 4, 1899. Siku mbili baadaye Seneti iliuidhinisha mkataba kwa kura 57 dhidi ya 27, kura moja tu zaidi ya kiwango kilichotakiwa. Vita vya Ufilipino viliua askari wa Marekani zaidi ya 4,000, wapiganaji wa Kifilipino wapatao 20,000, na raia wanaokadiriwa kufikia 200,000 au zaidi, wengi wao kwa njaa na kipindupindu.

Waliopinga walikuwa mchanganyiko wa ajabu. Mwandishi Mark Twain na tajiri wa chuma Andrew Carnegie walikuwa pamoja katika jumuiya ya kupinga ubeberu. Wengine walisema taifa lililozaliwa kwa kukataa kutawaliwa bila ridhaa haliwezi kutawala wengine hivyo. Wengine, na hili tusilifiche, walipinga kwa sababu tu hawakutaka Waasia wawe raia wa Marekani. Wapo pia waliouliza swali la kiuhalisia: visiwa hivi vikishambuliwa, tutavilindaje? Theodore Roosevelt, aliyeshabikia upanuzi kuliko wengi, aliandika mwaka 1907, akiwa rais, kwamba Ufilipino ndiyo sehemu Marekani inapoweza kuumizwa. Wajapani waliivamia Desemba 1941. Na mwanadiplomasia George Kennan, alipotoa mihadhara yake Chicago mwaka 1951 kutetea uhalisia, alianza na vita vya 1898, akisikitika jinsi uamuzi mzito ulivyopitishwa kwa hamasa badala ya kupima maslahi.

Kwa hiyo siamini kwamba jambo la kuchunguza ni nani alikuwa mdhanifu na nani mhalisia. Chunguza kama ahadi iliandikwa kabla maslahi hayajafika. Jeshi la Marekani liliondoka Kuba mwaka 1902, Ufilipino ikangoja hadi Julai 4, 1946. Hata hivyo ahadi ya Kuba ilitobolewa: Marekebisho ya Platt ya 1901, masharti ambayo Kongresi iliibana nayo Kuba, yaliipa Marekani haki ya kuingilia kati, na kituo cha jeshi la maji la Marekani cha Guantánamo, kilichokodishwa 1903, kipo hadi leo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua nguvu ya maandishi ya namna hii. Rais Woodrow Wilson alihubiri haki za mataifa madogo mwaka 1918 huku askari wake wakiikalia Haiti tangu 1915. Lakini katika mazungumzo ya Paris ya 1919, makoloni ya Mjerumani hayakugawiwa kama mali tu. Tanganyika ilipewa Uingereza, na Ruanda-Urundi Ubelgiji, kwa masharti ya kutoa taarifa kila mwaka kwa Shirikisho la Mataifa. Umoja wa Mataifa uliurithi utaratibu huo. Ndiyo sababu Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere aliweza kusimama New York mbele ya Baraza la Udhamini na kudai uhuru kwa niaba ya TANU, nafasi ambayo majirani zake wa Kenya, waliokuwa koloni la moja kwa moja, hawakuwa nayo.